Majilio Ng'ambo ya Mto Tana

Tarehe 9 Desemba 1976 ilikuwa Alhamisi ya juma la pili la Majilio. Siku hiyo Roma iliunda Prefektura ya Kitume ya Garissa, na kazi ya kuilea ikawaangukia Wakapuchini kutoka kisiwa cha Malta. Padre aliyefuata masomo ya siku hiyo, awe Manila au Moshi, alisoma Isaya sura ya 41, pale Mungu anapoahidi kufungua mito juu ya vilima vikavu na kuotesha miti nyikani. Katika orodha ya miti hiyo umo mshita, jamaa ya migunga ambayo msafiri huiona kutoka Mwingi hadi Mandera mpaka macho yakachoka. Sidhani kama kuna karani wa Vatikani aliyekaa akayapanga hayo. Kitabu cha masomo hakijui ramani. Kinarudi kila Desemba na maneno yale yale, na kila Desemba kinawakuta watu na hali zao.

Eneo hilo jipya la kanisa lilianzia bonde la Tana likapanda hadi mpaka wa Ethiopia. Kandokando ya mto walikuwapo Wakristo wa siku nyingi, Wapokomo hasa, ambao Injili iliwafikia kupitia Wamethodisti wa Golbanti na Wajerumani wa misheni ya Neukirchen waliofika Ngao mwaka 1887. Mwanzo wa misheni hizo haukuwa wa raha: mwaka 1886 Mchungaji John Houghton na mkewe Annie waliuawa Golbanti katika uvamizi wa Wamaasai. Lakini ukivuka daraja kutoka Madogo ukaingia Garissa mjini, mambo yalibadilika. Wenyeji walikuwa Wasomali, Waislamu kwa karne nyingi, na Mkristo karibu kila mara alikuwa mtu aliyeletwa na kazi: polisi, mwalimu, muuguzi, karani, fundi wa mawe. Alifika na barua ya uhamisho mkononi na kuanza kuhesabu muda wa kuondoka. Hata lugha ya mitaani ilimkumbusha kuwa yuko mbali, kwa kuwa mwenyeji anayepanda basi la Nairobi husema bila mzaha kwamba anakwenda Kenya.

Kwa sababu hiyo Majilio ya huku yana tabia ambayo sijaiona kwingine. Machakos au Kisumu, kadiri Noeli inavyokaribia ndivyo mabenchi yanavyojaa: wana wanarudi kutoka mjini, kwaya inafanya mazoezi usiku, watoto wa ubatizo wanaandikishwa. Garissa, Wajir na Mandera ni kinyume. Shule zinafungwa, walimu wanafunga mizigo, familia za askari zinatangulia nyumbani, na padre anayewasha mshumaa wa kwanza mbele ya watu wengi huenda akauwasha wa nne mbele ya wachache. Kanisa linaloambiwa lingoje linapungua kila Jumapili. Kungoja kwa Mkristo wa huko kumekuwa, kwa sehemu kubwa, kungoja basi.

Nasema haya nikijua kwamba si Wakristo wote wanaohesabu Dominika hizo nne. Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri wanazihesabu. Makanisa mengine, Africa Inland Church (AIC) likiwamo, kwa kawaida hayana desturi hiyo. Desturi yenyewe ina historia ndefu. Mwaka 380 maaskofu waliokutana Zaragoza, Hispania, waliwaagiza waumini wasikose kanisani kuanzia Desemba 17 hadi Januari 6. Karne moja baadaye Askofu Perpetuus wa Tours, Ufaransa ya leo, aliagiza mfungo wa siku tatu kwa wiki kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Martino, Novemba 11. Roma ikaufupisha msimu huo mpaka ukatulia kwenye Dominika nne. Hadi leo majuma ya kwanza ya Majilio hayamzungumzii mtoto wa Bethlehemu hata kidogo. Yanazungumzia mwisho wa mambo, Bwana atakayekuja kuhukumu, mlinzi asiyepaswa kusinzia. Bethlehemu inaingia Desemba 17. Anayedhani Majilio ni maandalizi ya pilau na nguo mpya hajawahi kuyasikiliza masomo yenyewe.

Watu wa ng'ambo ya Tana walikuwa na elimu ya kungoja kabla padre yeyote hajawafikia, na walifunzwa na serikali. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya wilaya za pembezoni, ambayo hatimaye iliigeuza kaskazini kuwa eneo lililofungwa: hukuingia bila kibali, hukutoka bila kibali. Sheria ya 1934 iliongeza mamlaka ya wakuu wa wilaya ya kuwapangia watu mahali pa kuishi na kulisha mifugo. Wamisionari nao walizuiwa kwa kiasi kikubwa, maana watawala hawakutaka ugomvi wa dini juu ya ugomvi wa visima. Mfugaji alikaa nje ya ofisi ya bwana DC akisubiri karatasi ya kumruhusu kuwafuata ngamia wake mwenyewe.

Mwaka 1962 ilikuja tume ya kuwauliza wananchi wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini wanataka nini. Wasomali walio wengi walisema wanataka kuungana na Somalia. Wakangoja jibu, na Uingereza ikaondoka bila kuwapa walichotaka. Uhuru ulifika Desemba 12, 1963, katikati ya Majilio. Usiku ule bendera ilipopanda Nairobi, wimbo uliopigwa ulikuwa umetokana na bembelezo la akina mama wa Kipokomo wa Mto Tana. Basi sauti ya taifa ilitoka kwenye mto ule ule ambao serikali mpya iliutazama kama mpaka wa wasiwasi wake. Kabla ya mwaka 1963 kwisha, hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kaskazini Mashariki. Vita vya Shifta vilidumu hadi 1967. Sheria za hali ya hatari hazikuondolewa mpaka Novemba 1991. Mtoto aliyezaliwa Garissa siku ya Uhuru alikuwa na umri wa miaka 27 alipoanza kuishi chini ya sheria zile zile za Mkenya wa Nyeri.

Katikati ya miaka hiyo kuna Novemba 1980. Maofisa wa serikali waliuawa Garissa, na vikosi vya usalama vikalipiza kwa kuchoma nyumba za mtaa wa Bulla Kartasi na kuwakusanya wakazi katika uwanja wa shule ya msingi. Ni jambo la kuangaliwa kwa makini kwamba kila tukio kubwa la ukatili wa dola katika mkoa huu lilichukua sura moja: watu wengi wamekalishwa chini mahali pa wazi, wakingoja mtu mwenye bunduki aamue. Kungoja kwa namna hiyo hakuna uhusiano na tumaini. Mwenye nguvu anakufanya ungoje ili ujue yeye ni nani na wewe ni nani.

Wakapuchini walilikuta jeraha la Vita vya Shifta likiwa bado bichi, na sina shaka kwamba mwanzoni wenyeji wengi waliwaona kuwa sehemu ya serikali iliyovaa kanzu ya kahawia. Aliyewafundisha watu kuona tofauti hakuwa Mkapuchini wala mtawa. Alikuwa Annalena Tonelli, mwanamke mlei wa Forlì, Italia, aliyefika Kenya mwaka 1969 na kuhamia Wajir mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aliishi huko na wanawake wenzake wachache, bila shirika la kumlipa mshahara, akiwahudumia watoto wenye ulemavu na wagonjwa wa kifua kikuu.

Kazi yake ya kifua kikuu inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ilikuwa kazi ya kungoja kwa maana halisi. Wakati huo tiba ilichukua mwaka mzima, hata mwaka na nusu. Mfugaji alilazwa, akapewa dawa, kikohozi kikapungua baada ya wiki chache, na hapo miguu ikaanza kumwasha. Mvua za deyr zikinyesha Oktoba na Novemba, ngamia huhamishwa. Anayebaki hospitalini anaachwa nyuma na familia na mali yake. Kwa hiyo alitoroka, ugonjwa ukarudi ukiwa umezoea dawa, na akafa akiwa amewaambukiza wa nyumbani kwake. Madaktari walikuwa wamefikia uamuzi kwamba wahamaji hawatibiki. Tonelli aliliona jambo hilo tofauti. Kuanzia 1976, mwaka ule ule wa prefektura, Wajir ikawa mahali pa majaribio ya tiba fupi ya miezi sita, na wagonjwa hawakulazwa wodini. Walikuja na mikeka yao na fito zao, wakasimamisha vibanda vyao karibu na hospitali, wakaishi humo na jamaa wa kuwapikia. Asubuhi kila mmoja alimeza vidonge mbele ya macho ya mhudumu. Hakuna aliyepewa dawa aende nazo. Mahali hapo pakaitwa Manyatta ya TB. Mbinu hiyo ya kumeza dawa mbele ya shahidi baadaye ilienea duniani kote.

Angalia kilichobadilika. Mgonjwa alikuwa anangoja bado, tena miezi sita kamili, lakini hakungoja peke yake na hakungojeshwa na mtu aliyelala kwingine. Aliyempa kidonge naye alikuwa pale jana, na kesho angekuwapo. Majilio yanadai jambo hili hili na wahubiri wengi huliruka: kwamba anayengojewa amekwisha kuja kukaa na wanaongoja, kwa hiyo kungoja kwao kuna mwenzi. Tonelli hakulihubiri Wajir. Hakubatiza mtu. Aliheshimu Uislamu wa wagonjwa wake, na nyakati nyingine alijitenga kwa siku za sala, kisha akarudi kwenye vidonge.

Februari 3, 1984, Roma iliipandisha Garissa kuwa jimbo kamili, na Mkapuchini wa Malta, Paul Darmanin, akateuliwa kuwa askofu wake wa kwanza. Juma moja baadaye, Februari 10, wanajeshi walianza kuwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia na kuwapeleka uwanja wa ndege wa Wagalla, nje ya Wajir. Walivuliwa nguo, wakalazwa juu ya ardhi ya moto bila maji wala chakula, siku baada ya siku, na wengi wakapigwa risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, iliona huenda walifika karibu 1,000. Tonelli na wenzake walitoka na gari kuwatafuta majeruhi waliotupwa porini, wakazika maiti, wakakusanya majina na kuhakikisha habari inafika nje ya nchi. Mwaka uliofuata alilazimika kuondoka Kenya. Alihamia Somalia, akaendelea na kifua kikuu huko, na Oktoba 5, 2003, miezi michache baada ya kupewa tuzo ya Nansen ya shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, alipigwa risasi Borama akiwa katika hospitali aliyoianzisha.

Nimekawia kidogo kwa mwanamke huyu kwa sababu mengine yote yaliyofuata hayaeleweki bila yeye. Kanisa la Garissa lilijenga shule na zahanati, likawa na kanisa kuu linaloitwa kwa jina la Bikira Maria wa Faraja, na lilibaki dogo. Miaka ya 1990 iliongeza majambazi barabarani. Mmoja wa Wakapuchini, Joseph Alessandro, alijeruhiwa akarudi Malta. Ilionekana ndio mwisho wake huku. Mwaka 2012 aliteuliwa kuwa askofu mwandamizi wa Garissa, akarudi.

Alirudi wakati mbaya. Jeshi la Kenya lilikuwa limeingia Somalia Oktoba 2011, na al-Shabaab walikuwa wameapa kulipiza. Jumapili ya Julai 1, 2012, watu waliofunika nyuso walilifikia kanisa la AIC mjini Garissa ibada ikiendelea. Waliwaua polisi wawili waliokuwa langoni, wakachukua bunduki zao, wakarusha guruneti ndani na kuwafyatulia risasi waliokimbia. Waliokufa walikuwa 17. Saa hiyo hiyo maguruneti yalirushwa kwenye kanisa kuu la Katoliki, ambako watu walijeruhiwa. Siku chache baadaye viongozi wa Kiislamu walikutana na wa Kikristo, na Adan Wachu wa SUPKEM, baraza kuu la Waislamu wa Kenya, akatangaza kwamba vijana wa Kiislamu watashiriki kulinda makanisa ya Garissa. Vyombo vya habari vya ng'ambo vilishangaa. Waliokumbuka Manyatta ya TB nadhani hawakushangaa sana.

Lakini mlango ulikuwa umefunguka, na kilichoingia hakikuwa cha kuzuiwa na vijana wenye fimbo. Alfajiri ya Jumamosi, Novemba 22, 2014, basi la kampuni ya Makkah liliondoka Mandera kwenda Nairobi. Shule zilikuwa zimefungwa, na ndani walikuwamo walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa Krismasi. Basi lilitekwa kabla halijafika mbali. Abiria walitenganishwa, aliyeshindwa kutamka shahada alitolewa kando. Watu 28 waliuawa. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Kristo Mfalme, Dominika ya mwisho ya mwaka wa kanisa.

Juma lililofuata, Novemba 30, Majilio yakaanza. Injili ya Dominika hiyo ilikuwa ya Marko, ile ya mwenye nyumba anayesafiri na kumwachia bawabu agizo la kukesha, kwa kuwa hajui bwana atarudi jioni, usiku wa manane, jogoo akiwika au asubuhi. Usiku wa kuamkia Jumanne, Desemba 2, wachimba mawe waliolala katika mahema yao kwenye machimbo ya Koromey, karibu na Mandera, walivamiwa na 36 wakauawa. Somo la Jumanne hiyo ndilo lile la mbwa mwitu kukaa pamoja na mwanakondoo. Nakiri kuwa kuna siku ambazo kitabu cha masomo ni kigumu kukisikia, na padre aliyekisoma juma hilo Mandera, kama palikuwa na mtu wa kumsomea, alifanya kazi ambayo mimi nisingeiweza.

Nairobi, waziri wa usalama alifutwa kazi siku hiyo hiyo na mkuu wa polisi akajiuzulu. Mandera, mamia ya watu wa bara walikimbilia uwanja wa ndege wakiomba kuondolewa. Hapo tena: watu wengi, mahali pa wazi, mizigo miguuni, wakiitazama anga. Safari hii waliongojeshwa walikuwa wale waliotumwa na dola yenyewe. Shule zilipofunguliwa Januari 2015 walimu wengi hawakurudi. Walikaa nje ya makao makuu ya tume inayowaajiri wakidai uhamisho. Nani angewalaumu? Hata hivyo aliyelipa ni mtoto wa Mandera aliyefika darasani akakuta ubao mtupu.

Aprili 2 mwaka huo, Alhamisi Kuu, ikaja zamu ya Chuo Kikuu cha Garissa. Wauaji walianza na wanafunzi wa umoja wa Kikristo waliokuwa kwenye sala ya asubuhi. Watu 148 waliuawa, 142 kati yao wanafunzi. Katika uwanja wa Nyayo, Nairobi, wazazi walikaa siku kadhaa wakingoja mabasi ya walionusurika. Kila basi lilipoingia walisogea wote pamoja, na kila lilipokwisha kushusha, waliobaki walikuwa wachache zaidi. Kafyu ilitangazwa kuanzia saa 12 na nusu jioni. Kesha la Pasaka, usiku ambao kanisa hukesha kuliko usiku wowote mwingine, lilikatazwa na sheria katika mji uliolihitaji kuliko wote.

Mwisho wa Novemba Papa Fransisko alikuja Kenya, na mbele ya viongozi wa dini jijini Nairobi akaitaja Westgate, jengo la maduka lililoshambuliwa jijini humo, akaitaja Garissa, akaitaja Mandera. Dominika ya kwanza ya Majilio alikuwa Bangui. Desemba 8 Askofu Darmanin alistaafu baada ya zaidi ya miaka 30, na Alessandro akashika usukani.

Na Desemba 21, Jumatatu, basi jingine la Makkah lilikuwa njiani, safari hii likitoka Nairobi kwenda Mandera. Ni barabara ya takribani kilomita 1,000. Wakati huo, ukishapita Garissa lami ilikatika, vumbi liliingia kupitia kila ufa, na mazungumzo yalikufa kwa sababu aliyefungua mdomo alikula mchanga. Mizigo ilikuwa juu kwenye keria, na abiria, Waislamu na Wakristo, walikuwa wamebanana viti vile vile. Karibu na El Wak, watu wenye bunduki walilipiga basi risasi wakalisimamisha. Agizo lilikuwa lile lile la mwaka uliotangulia: Waislamu wakae huku, wengine kule.

Yaliyotokea kabla hawajashuka ndiyo yaliyoamua mengine. Ndani ya basi wanawake wa Kiislamu walivua mitandio na hijabu za akiba wakawapa Wakristo waliokaa karibu nao wajifunike. Vitambaa vilipita kutoka kiti hadi kiti. Kisha waliposhushwa na kuambiwa watengane, walikataa. Waliwaambia wenye bunduki wawaue wote pamoja au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, naibu wa mkuu wa shule moja ya Mandera, alikuwa mmoja wa waliosimama hivyo, na alipigwa risasi. Watu wawili walikufa siku ile. Washambuliaji waliondoka bila kufanya walichokuja kufanya.

Injili ya Desemba 21, isipoangukia Jumapili, ni ya Luka: Maria mjamzito anafunga safari ya haraka kwenda nchi ya milimani, anaingia nyumba ya jamaa yake Elisabeti, na anapokelewa. Msafiri katika mwanzo wa mimba, ambaye usalama wake unategemea anayemfungulia mlango. Abiria wa Makkah hawakuwa wamesoma somo hilo, na walio wengi hawakuwa Wakristo. Wao walikuwa na kumbukumbu ya Novemba 2014, na mwaka mzima wa kujiuliza wangefanya nini wangekuwamo. Kwangu mimi huko ndiko kukesha. Basi halikuwapa dakika za kushauriana. Jibu lilikuwa limekwisha kuiva kabla swali halijaulizwa.

Salah Farah alikufa Nairobi Januari 18, 2016, baada ya karibu mwezi mmoja hospitalini. Mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta alimtunuku nishani. Chuo kimoja cha filamu cha Hamburg, Ujerumani, kikatuma wanafunzi wake Kenya, wakiongozwa na Katja Benrath, na kisa kikawa filamu fupi iitwayo Watu Wote, iliyofika hadi orodha ya mwisho ya tuzo za Oscar za 2018. Hamburg ndiko mchungaji Johann Hinrich Wichern alikotengeneza shada la kwanza la mishumaa ya Majilio mwaka 1839, kwa ajili ya watoto maskini waliokuwa wakimsumbua kila siku kwa kuuliza Krismasi ni lini. Ni sadfa tu, nami naipenda kama sadfa.

Ingependeza kuishia hapo, lakini El Wak haikufunga vita. Desemba 6, 2019, Ijumaa ya juma la kwanza la Majilio, basi la Medina lilitekwa katika kaunti ya Wajir. Abiria walitenganishwa na kadhaa wakauawa, wengi wao maafisa wa polisi. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa, na tume ya walimu ikawaondoa wengi wa waliosalia. Kisha mvua zikakosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mpaka mizoga ya ng'ombe na ngamia ikapanga mstari kandokando ya barabara. Ndani ya ukame huo, mwaka 2022, George Muthaka, Mkapuchini pia, akawa Mkenya wa kwanza kuliongoza jimbo. Novemba 2023 mvua zikarudi kwa hasira ya El Niño. Tana ikavunja kingo, barabara ikamezwa kati ya Madogo na Garissa, na watu wakavushwa kwa boti huku malori yakipanga foleni ng'ambo. Mito nyikani ilikuja kweli, na ikabeba nyumba za watu.

Kambi za Dadaab, zilizofunguliwa mwaka 1991 kwa makadirio ya muda mfupi, bado zipo, na zina Wakristo wake: watu wa Sudan Kusini, wa Kongo, wa Ethiopia. Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga siku 43 kabla ya Krismasi yao, Januari 7. Majirani zao Wakatoliki wanaposhangilia Desemba 25, wao wana karibu wiki mbili za mfungo mbele yao, bila nyama wala maziwa, katika kambi ambayo baadhi yao wamezaliwa na kupata watoto wakingoja nchi ya tatu iwakubali. Mtu akitaka kujifunza Majilio na asitake kwenda kwa mwanateolojia, namshauri awatembelee hao.

Garissa mjini, mwalimu wa bara amekuwa nadra, kwa hiyo waliopo kanisani Desemba siku hizi ni walio zamu: askari wa kizuizi cha darajani, muuguzi wa wodi ya wazazi, fundi wa umeme ambaye likizo yake imesogezwa hadi Februari. Langoni kuna polisi na kifaa cha kukagua mifuko, na anayekagua mara nyingi ni Mwislamu. Misa inaanza watu wakiendelea kuingia. Aliyetoka kazini alfajiri huja na sare yake mwilini na kukaa benchi la nyuma, na anayeingia zamu saa mbili huondoka kabla ya matangazo, akimpisha mwenzake mlangoni.